Gesi ya Friji la Mama Violeth

Zamani Mazengo, au Baba Lea, fundi wa friji wa Mkonze, alipobadilisha kompresa alikata bomba tu, gesi ikatoka hewani. Tangu ahudhurie mafunzo, huivuta kwanza kwa mashine na kuiingiza kwenye mtungi.

“Baba Lea, samaki wangu wa bwawa la Mtera wataharibika,” alilalamika Mama Violeth, mwenye friji lililokuwa likitengenezwa siku hiyo. “Iachie hiyo gesi ipae zake.”

“Inaongeza joto la dunia, mama. Nchi nyingi zimekubaliana kuidhibiti.”

“Hizo nchi zitanunua samaki waliooza?”

Mazengo aliinama kwa haya. Mashine iliendelea kuvuta polepole. Akaomba kisu na chumvi, akaketi, akaanza kupasua samaki.

Mama Violeth akacheka. “Sogea huko. Unawapasua kama mabomba.”

Samaki wa mwisho walipoanikwa juani, gesi yote ilikuwa mtungini.