Kiboko Aliyepigiwa Makofi

Lambert alizaliwa katika familia ya wavuvi wa maporomoko, Wagenia wa damu, akaogopa maji. Nduguze walipoparamia miti ya mitego juu ya mkondo, yeye alibaki ukingoni akiwaeleza wapita njia nani anateleza na nani anamtukana nani. Kazi hiyo ndiyo iliyokuja kumlisha. Alipopata televisheni na video alikodi chumba katika mtaa wa Makiso, akawa anasimama kando ya kioo na kufasiri Kifaransa cha kanda kwa Kiswahili. Kitambulisho kilimpa jina la babu yake, maana serikali ilikwisha kuyafuta majina ya kizungu. Majirani walimwita Papa Lambert vilevile.

Kanda iliyojaza chumba ilikuwa ya katuni. Kiboko mnene, chifu wa kijiji, kila akianza hotuba hujamba. Harusini anajamba, matangani anajamba. Lambert hakuruka kitu.

"Sasa chifu anaongeza neno," alifasiri.

Wanafunzi wa chuo walisema huo ni uchambuzi wa jamii, kisha wakacheka mpaka benchi likavunjika. Mama Berthe, mwalimu wa katekisimu, hakucheka hata siku moja. Kila Jumapili alikaa mbele kabisa, amenuna.

"Mama Berthe, kama ni zambi, mbona unarudia?" Lambert alimwuliza.

"Mi nakuja kuona kama atatubu."

"Na alitubu?"

"Bado."

Kisha mtu fulani akaenda kushitaki kwamba kiboko yule anavaa kofia. Kofia gani, hakusema; haikuhitajika: nchi nzima ilijua kofia moja tu ya kushitakiwa, ile ya chui ya Rais. Citoyen Lokwa (citoyen ni raia, ndivyo watu walivyoamriwa kuitana), mwenyekiti mtaani wa Chama pekee nchini, akatuma habari: Jumamosi atakuja kutazama mwenyewe, na akikuta matusi chumba kitafungwa. Lambert hakuwa na kazi nyingine ila kuingia majini.

Jumamosi Lokwa alifika ndani ya abakosti, suti ya Chama isiyo na tai, iliyopigwa pasi, pamoja na mkewe Claire. Watu wakakiimbia na kukichezea Chama ngoma kwanza, kama ilivyo desturi mkubwa akiingia. Kanda ikaanza. Kiboko akapanda jukwaani, akasafisha koo, akajamba kwa kirefu.

Chumba kizima kiligeuka kuutazama mdomo wa Lokwa. Haukusogea.

Sasa, mkubwa, hata kama ni wa katuni, amemaliza kusema na watu wamenyamaza: hali hiyo hakuna aliyeizoea. Mtu mmoja nyuma akapiga makofi. Jirani yake, kwa kuogopa kuonekana amechelewa, akapiga pia. Mara chumba chote kimesimama. Kiboko akarudia; mama mmoja akapiga vigelegele. Na Lokwa, ambaye maisha yake yote hajawahi kubaki amekaa wengine wakipiga makofi, alijikuta amesimama, mikono inakwenda.

Claire peke yake alibaki kwenye benchi, machozi ya kicheko yanamtoka.

"Claire, simama," Lokwa alinong'ona.

"Nitasimama namna gani, papa? Mbavu inaniuma."

Kanda ilipokwisha Lambert alisubiri mlangoni. Lokwa alifunga kifungo kilichokuwa kimefungwa tayari.

"Bon, citoyen. Hii kitu, Chama kimeipigia makofi. Nikiifunga, watauliza ni nani aliipigia."

"Ndiyo, citoyen mwenyekiti."

"Donc inaendelea. Lakini kucheka, hapana. Watu wapige makofi tu. Wamesimama."

Lambert alitii. Biashara ilikwenda vizuri. Wateja walilalamikia maumivu ya mikono tu.