Joka la Sada halina mabawa

Leo hapa Mtendeni mhariri amemfundisha mcheza ngoma ya nyoka jinsi joka linavyotisha.

Mcheza ngoma ni Sada. Ndiye pia anayechora kitabu cha mchezo wa mezani, ule wa kurusha dadu na kupambana na mazimwi na majoka. Ametumia wino na miezi minne.

Mhariri wa kitabu hicho akaitazama michoro. "Dada, joka bila mabawa, bila moto, litamtisha nani?"

"Kaka, nimemchora chatu wangu. Yumo humu kapuni, nimfungue umwone?"

Mhariri akaruka juu ya kiti.

Nilidhani yamekwisha. Wapi! Akaagiza majoka yote yachorwe upya, yawe na mabawa "kama ya wenzetu wa Ulaya", la sivyo kazi apewe mwingine.

Aliyasema hayo akiwa bado juu ya kiti.

Ningekuwa Sada, ningefungua kapu. Nyie je?