Siku Mama Aliposimama Kugombea Ushemasi

Serikali ilipotufundisha kupiga kura kwa mlolongo, kanisa letu la Eldoret likaona nalo lisibaki nyuma. Mashemasi wakachaguliwa vivyo hivyo: unasimama nyuma ya umtakaye, mchana kweupe, kila mtu akikuona. Mgombea aliutazama ukuta wa kanisa, na hakuruhusiwa kugeuka.

Mama yangu aligombea. Alikuwa mjane muuza mboga, na kwetu hakuna mwanamke aliyewahi kuwa shemasi. Kazi yenyewe ya kulisha wajane na kuogesha wagonjwa alikuwa akiifanya miaka nenda miaka rudi. Heshima walipewa wanaume waliopitisha kikapu cha sadaka. Hilo linanikera hadi leo. Mama hakulalamika. Alitaka tu, kabla hajafa, awagawie watu mkate na kikombe cha Bwana kwa mikono yake.

Mpinzani wake alikuwa na lori. Lilibeba mahindi ya waumini, na majeneza yao lilibeba bure. Nani angethubutu kumpa mgongo? Nyuma ya Mama tulisimama mimi na jirani yetu, basi. Nilitazama mabega yake yaliyonyooka ndani ya koti la kuazima, roho ikaniuma. Hakujua kama kuna watu nyuma yake.

Ndipo mkulima mmoja mzee akatoka kwenye mstari wa mwenye lori. Msimu mzima alikuwa na kidonda mguuni, na Mama ndiye aliyekiosha. Akavuka nyasi akichechemea na mkongojo, kanisa zima likimtazama, akasimama nyuma yetu.

"Hiyo lori itanibeba nikikufa," akasema. "Huyu mama alinibeba nikiwa mzima."

Mkewe akamfuata. Kisha walimu, kisha kwaya nzima, hadi mstari ukakunja kona ya kanisa ukaelekea vyooni. Nililia huku nacheka, wala sioni haya kusema. Tuliwashinda, tena vibaya.

Kutoka kitini mwake, mchungaji akamwambia Mama ageuke. Akageuka, akautazama ule mstari. Tukangoja hotuba. Akanipita mimi, akampita jirani, akasimama mbele ya yule mzee.

"Mzee, daktari alisema hiyo mguu usisimamie. Nani amekuacha hivi?" Kisha akageuka. "Pastor, leta hiyo kiti yako."

Mchungaji akainuka, akakileta.