Magugu ya Shangazi

Kwa jembe sina mpinzani Mount Druitt nzima, huku Australia. Sijigambi, nasema ukweli, maana ndilo lililonitia matatani. Siku za kazi natunza wazee. Jumamosi niko shambani, kwenye kipande cha ardhi nyuma ya kituo kinachosimamiwa na wenyeji wa asili wa nchi hii. Walitugawia vitalu sisi wageni, Wakenya kwa Wakongomani, na hatukuwaangusha: sukuma wiki, lengalenga, maharage, hata mihogo michache iliyogoma kwa baridi.

Kitalu cha pembeni kilikuwa cha mama mmoja mwenyeji aliyepita miaka sabini. Wote tulimwita Shangazi, kama watu wake wanavyowaita wazee wao. Alizaliwa kwenye rizavu, ardhi ambayo serikali iliwatengea watu wake, mwendo wa saa nyingi kwa gari kutoka hapa. Neno hilo sikuhitaji kuelezwa. Bibi yangu naye aliishi rizavu kule Taita, wazungu walipochukua bonde zuri wakamwachia mawe. Shangazi alipokuwa msichana, serikali iliwafukuza hata huko rizavu. Sasa ardhi ile imerudishwa kwa watu wake, naye alitaka kwenda kupanda viazi vya porini alivyokuwa akila kwa bibi yake. Alisema hafi kabla hajaviona vikiota pale. Hayo alinieleza tukinywa chai. Hakunieleza kwamba mbegu yenyewe ilikuwa kwenye kitalu chake.

Kisha goti likamlaza wiki mbili. Kwetu mgonjwa hapelekewi pole tupu. Unaamka mapema, unampalilia shamba, unaondoka kabla hajakushukuru. Basi Jumamosi hiyo niliingia kitaluni kwake, nikakuta mimea yenye majani membamba na maua ya njano kama ya mchunga. Nikasema moyoni, maskini, magugu yamemmaliza. Nilifanya kazi saa nzima bila kunyoosha mgongo. Nilipomaliza hapakuwa na jani lililosimama, nami nikashika kiuno nikajisifu.

Ila sikuondoka mapema vya kutosha. Shangazi alitokea akichechemea, akakitazama kitalu, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Nani?" aliuliza.

"Ni mimi, Shangazi. Nilitaka kukusaidia."

"Miaka mitatu," alisema. "Mbegu moja moja, miaka mitatu."

Niliinamia lile lundo nililolitupa kando ya uzio. Kila shina lilikuwa na viazi vidogo vyeupe, vinene kama kidole. Aibu ilinishika. Lakini mimi ni mtoto wa mkulima, na najua jua halingoji mtu amalize kuona aibu.

"Havijafa," nilimwambia. Nikatafuta gunia, nikalilowesha, nikavipanga ndani pamoja na udongo wake. "Viingie ardhini kule kwenu kesho, vitashika."

"Kesho? Siwezi kuendesha gari na goti hili."

"Mimi naweza."

Jumapili hiyo kanisani walinikosa. Njiani nilizungumza na redio. Tulipokaribia, Shangazi akacheka ghafla. "Kondoo wa wazungu walichukua miaka mingi kuvimaliza. Wewe, saa moja!" Nilicheka naye, ingawa iliniuma.

Lango lilikuwa wazi. Nilibeba gunia nikatangulia, mgeni mwenye haraka, naye akanizuia kwa fimbo.

"Ngoja hapo."

Alisimama mpakani akasema kwa sauti, akiwaambia wazee wake waliotangulia, watu nisiowaona, yeye ni nani na mama yake ni nani. Halafu akasema, "Nimekuja na mgeni. Ndiye aliyeving'oa. Ndiye aliyevileta." Akaingia peke yake, polepole, akaniacha nje.

Nilingoja, maji ya gunia yakinidondokea viatuni. Nimeishi Australia miaka kumi na moja. Nilipimwa mapafu, nikahojiwa, nikagongewa mihuri, nikainua mkono nikala kiapo cha uraia, na siku ile nikajiona nimefika. Katika yote hayo hakuna aliyewauliza watu wa Shangazi kama niingie. Mimi pia sikuwauliza. Pale langoni niliogopa kwa mara ya kwanza kwamba naweza kukataliwa, na kwamba Shangazi angekuwa na haki.

Aliniacha nisimame hadi mikono ikafa ganzi. Kisha akageuka.

"Binti, ingia upesi. Vinakauka."

Tulipanda mpaka jua likapinda, yeye akionyesha mahali, mimi nikiwa magotini. Vingine vilioza. Miezi kadhaa baadaye, mpwa wake akiwa amempeleka huko, Shangazi alinipigia simu nikiwa kazini, nikiwa namfunga mzee kamba za viatu. Hakunisalimu. Alisema tu, "Nimeviona. Vimeota."