Mutura ya Somo la Biolojia

Sauti ya Keziah ilijulikana mtaa mzima. Akisimama langoni na kumwita mumewe, Njuguna aliisikia akiwa kwenye jiko lake la kuchomea mutura, utumbo uliojazwa nyama, karibu na steji ya Kitengela, na wateja waliokuwa wamemzunguka waliisikia pia, wakamshauri aende upesi kabla hajaitwa mara ya pili. Lakini chuoni Kajiado, ndani ya darasa la vijana waliolingana na watoto wake, sauti hiyo hiyo haikuvuka dawati lake. Mhadhiri akimuuliza swali, midomo ya Keziah ilicheza, na jibu likabaki kooni.

Alizaliwa Illasit katika nyumba ya wakulima wa vitunguu, akamaliza kidato cha nne, akaolewa, akaletwa Kitengela wakati ploti nyingi za jirani bado zilikuwa malisho. Alilea watoto watatu pale. Kitinda mimba alipokwenda shule ya bweni, nyumba ilipoa kiasi kwamba Keziah alijikuta akiigombeza sufuria. Ciku, binti yake mkubwa, akamwambia kwa simu, "Mum, wewe uko na maneno mingi na hakuna wa kuambiwa. Rudi shule." Alicheka, akakata simu, kisha akakaa kitako akalifikiria jambo lile mpaka uji ukamwagikia jikoni. Muhula ulipofunguliwa, alikuwa amejiandikisha kusomea cheti cha lishe.

Aliamini lishe ni chakula, na chakula alikijua. Kumbe kabla ya mwanafunzi kuruhusiwa kugusa hata somo la maharagwe, lazima kwanza afaulu utangulizi wa biolojia ya mwili wa binadamu. Somo hilo lilifundishwa na Madam Immaculate, mwanamke mwembamba, mpole wa sauti na mkali wa kalamu.

Kwenye jaribio la kwanza waliulizwa waeleze tumbo la binadamu. Keziah alilipokea swali kama mgeni aliyemtarajia, maana matumbo aliyomsaidia Njuguna kusafisha hayahesabiki. Aliandika kwa ujasiri kwamba tumbo lina vyumba vinne, akavichora vyote, hata kile chenye mikunjo kama kurasa za kitabu. Karatasi ilirudi ikiwa na maneno machache kwa wino mwekundu: Mchoro mzuri sana. Huyu ni mbuzi.

Baada ya hapo tumaini lake lilibaki moja tu. Kila mwanafunzi alitakiwa kutengeneza modeli ya kiungo au mfumo wa mwili kwa vifaa vinavyopatikana nyumbani, kisha asimame mbele ya darasa aieleze. Asiyefaulu hapo angerudia somo na kundi la mwaka unaofuata, wenzake wakisonga mbele. Keziah hakuogopa kusoma tena. Aliogopa ule muda wa kusubiri. Alijijua vizuri. Akikaa nyumbani mwaka mzima angepata sababu mia za kutorudi, na kila moja ingekuwa nzuri.

Alipangiwa mfumo wa mmeng'enyo wa chakula. Akawaza kwamba modeli ikiwa nzuri mno, huenda ikajieleza yenyewe, naye asimame tu pembeni akinyoosha kidole.

Njuguna alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali la fundi: utumbo unaotakiwa ni mwembamba au ni mnene? Akaambiwa aina zote mbili. Jioni hiyo akarudi na matumbo ya mbuzi kwenye ndoo, wakayasafisha pamoja, wakayatandaza juu ya ubao wa plaiwudi. Yakalala pale kama kamba ya kuanikia nguo iliyokatika.

"Utumbo hauwezi kukaa vizuri ukiwa mtupu," Njuguna alisema. "Wacha tuujaze."

Wakaujaza nyama iliyokatwakatwa. Lakini nyama mbichi isingevumilia joto la Kajiado mpaka zamu yake ifike, basi ikabidi waichemshe. Ilipotoka kwenye maji ilikuwa na rangi ya kusikitisha, naye Njuguna akasema ataipitisha motoni kidogo tu ichangamke. Hapo ndipo Keziah alipopaswa kumzuia. Mtu aliyechoma mutura tangu ujana wake hajui maana ya kidogo tu. Alipotoka uani kuangalia, alimkuta mumewe ameinama juu ya jiko akigeuza utumbo mpana kwa upendo, na kando yake bakuli la dhania na pilipili ambalo nusu yake ilikuwa imekwisha kuingia ndani tangu wakati wa kujaza.

"Baba Ciku, dhania ni ya nini? Hii ni ya kusoma."

"Najua ni ya kusoma. Lakini wakiuliza ni nani ametengeneza, utataja nani? Mimi siwezi haribu jina langu Kajiado."

Hata hivyo, Keziah mwenyewe alikiri kwamba modeli ilikuwa ya kupendeza. Umio ulishuka kutoka juu ya ubao hadi kwenye tumbo, na tumbo lilikuwa na chumba kimoja tu, limeshonwa kama mkoba, maana hakutaka kuitwa mbuzi mara ya pili. Ini liliketi mahali pake, pilipili hoho ndogo ikawa kifuko cha nyongo, kipande cha kiazi kitamu kikawa kongosho. Utumbo mwembamba ulijikunja katikati, mzunguko juu ya mzunguko, na utumbo mpana ukauzunguka kama fremu ya mlango. Pale chini, upande wa kulia, kipande kidogo kilichofungwa kwa uzi kilining'inia kikiwa kidole tumbo. Majina ya viungo aliyaandika kwenye vibendera vya karatasi, akapanga kuvibandika dakika ya mwisho ili visiloe mafuta.

Asubuhi jirani yao mwenye gari la Probox alimbeba hadi Kajiado. Njia nzima alivuta pumzi kwa pua, na walipopita Isinya akauliza kwa heshima kama chuoni kuna ruracio, karamu ya mahari.

Darasa lilikuwa limejaa vituko vya kila namna. Sheryl alikuja na jicho lililotengenezwa kwa mpira wa watoto. Brayo alikuwa na mapafu ya chupa na mapulizo. Okoth, kijana mrefu aliyekaa nyuma na ambaye hakuna aliyewahi kumwona akiwa ameshiba, alitengeneza moyo kwa pampu ya baiskeli, akauelezea asubuhi hiyo mpaka Madam akatabasamu. Keziah alipangiwa zamu ya kwanza baada ya chakula cha mchana. Aliweka ubao wake kwenye meza ya nyuma, akaufunika kwa foili, akatoka. Kula hakuweza. Alikwenda nyuma ya tangi la maji, vibendera mkononi, akalielezea tangi mfumo mzima kuanzia mdomoni. Tangi lilielewa vizuri sana.

Sasa, jambo ambalo Keziah hakulifikiria ni kwamba tangu muhula uanze yeye ndiye aliyekuwa mama wa darasa. Vijana walikuja bila kunywa chai, naye hakuweza kuvumilia kuwaona hivyo. Mara awaletee viazi vitamu, mara mandazi, na kila mara aliviweka kwenye meza ile ile ya nyuma, vimefunikwa vivyo hivyo. Walimwita Mathe.

Aliporudi, harufu ilimpokea mlangoni. Foili ilikuwa imekunjwa vizuri pembeni. Brayo alikuwa na kisu. Sheryl alikuwa amenunua kachumbari kwenye kibanda cha nje ya geti na sasa aliigawa kwa haki. Okoth aliinua kichwa, kidevu kiking'aa mafuta, akamwangalia Keziah kwa shukrani ya kweli.

"Mathe, leo umejitoa. Ni hii ya huku juu tu ilikuwa ngumu kidogo."

Alikuwa anaongea kuhusu umio.

Keziah alitazama ubao. Utumbo mpana ulikuwa umekwisha. Utumbo mwembamba ulikuwa umekwisha. Tumbo, lile lenye chumba kimoja, halikuwapo. Zilibaki pilipili hoho na kongosho, na kidole tumbo kikiwa bado na uzi wake. Akaviangalia vibendera vilivyokuwa mkononi, nao wakaviangalia. Brayo alisoma kile cha juu, KOROMEO, akakiweka kisu chini polepole kama mtu anayesalimisha silaha. Sheryl akasema, kwa sauti iliyozidi kufifia, kwamba walifikiri modeli yake iko kwenye mkoba.

Hapo Madam Immaculate aliingia, akaketi, akafungua rejista na kumwita Keziah Wambui, mfumo wa mmeng'enyo wa chakula.

Keziah alitembea hadi mbele mikono mitupu. Madam alimuuliza modeli iko wapi, naye akafungua mdomo na kuufunga. Darasa lote lilikuwa limegundua jambo la maana sana sakafuni. Madam akasema, bila ubaya, kwamba asiye na modeli hana cha kueleza, na asiye na cha kueleza itabidi arudie, na kalamu ikaanza kushuka kwenye karatasi.

Kule nyuma kiti kilikwaruza. Okoth alikuwa amesimama.

"Madam, modeli iko. Iko na mimi."

"Ilete basi."

Okoth akashika tumbo. "Madam, ni ngumu kuileta."

Mtu alicheka, na kicheko hicho kikafanya kazi ambayo tangi la maji halikuweza. Keziah alimwona Okoth pale, mrefu, mwenye hatia, mafuta kidevuni, na hakuona tena mwanafunzi mwenzake. Aliona mtoto aliyekula nyama ya wageni. Maneno yakamtoka yenyewe, na yalitoka na sauti yao yote ya Kitengela.

"Wewe Okoth, kuja hapa mbele. Haraka. Na usipanguse mdomo."

Hata Madam alikaa wima. Okoth akaja. Keziah akamsimamisha ubavuni mwa ubao mweusi, akamwamuru apanue mdomo.

"Hapa ndipo mlianzia makosa," aliliambia darasa. "Meno yalisaga, mate yakalowesha. Lakini huyu hakutafuna, nilimwona. Alimeza vipande vizima, kwa hivyo kazi ya mdomo ameisukumia tumbo. Kisha hapa nyuma, koromeo." Akabandika kibendera shingoni mwa sweta. "Hapa umio. Chakula hakiteremki tu kama maji kwenye mfereji. Misuli inabana na kusukuma, inabana na kusukuma. Hata ukisimama kichwa chini, Okoth, na unastahili kusimama hivyo, mutura ingefika tu."

Vibendera vilishuka kifuani kimoja kimoja. Alisema sasa hivi nyama imekaa tumboni ikivurugwa na asidi, na itakaa saa kadhaa kwa sababu Njuguna hakuhurumia mafuta. Alisema mafuta hayo yanasubiri nyongo, akabandika kibendera cha ini upande wa kulia, na Okoth akaruka kwa kutekenywa. Akamzungushia tumboni utumbo mwembamba mzima kwa kidole, akieleza jinsi chakula kinavyopenya kuta zake na kuingia kwenye damu, halafu akapanda na utumbo mpana upande mmoja, akavuka, akashuka upande wa pili, maji yakifyonzwa njiani. Alipokaribia mwisho wa safari, Okoth alimwomba kwa macho. Akamwonea huruma, akasema yaliyosalia yatajulikana kesho asubuhi.

Darasa lilikuwa halina mbavu. Madam Immaculate peke yake hakucheka. Alisubiri watulie, akageuza kalamu vidoleni.

"Swali moja. Okoth amekula tumbo na utumbo wa mbuzi, na wewe unasema asidi yake itavimeng'enya. Mbona basi hiyo asidi haimeng'enyi tumbo lake mwenyewe?"

Jibu hili halikuwa kwenye vibendera. Keziah alijua limo mahali fulani kwenye kitabu, na alijua pia kwamba akianza kulitafuta kwa maneno ya kitabu litampotea. Akajiuliza angemjibu vipi Ciku.

"Madam, ukipika kwa kuni," alianza polepole, "unapaka sufuria majivu na maji kwa nje. Moto unakula ile majivu, hauli sufuria. Tumbo nalo liko na ute mzito, limejipaka kwa ndani. Asidi inashinda ikipigana na ute. Lakini majivu ikiisha usipopaka tena, sufuria inaharibika, kwa hivyo tumbo halichoki kujipaka. Na hata ngozi ya ndani inazeeka haraka, inatoka, inakuja ingine. Sasa tumbo la mbuzi lilikuwa na ute wake likiwa hai. Likishakufa, nani atalipaka?"

Madam akaandika, na Keziah, aliyezoea kusoma bei kwenye daftari za wauza mboga zikiwa kichwa chini, aliona kwamba alama hiyo ilikuwa ya kufaulu, tena kwa ziada. Madam akasema sehemu ya modeli ameitoa nusu, kwa kuwa hawezi kutathmini kisichoonekana, na sehemu ya maelezo ameitoa yote. Halafu akaomba aletewe ubao wa plaiwudi, akakichunguza kidole tumbo kwa makini ya kitaaluma, akauliza kama ni dhania ile anayonusa.

Zamu ikaenda kwa Brayo. Aliinua chupa yake, akayapuliza mapafu, akaanza kueleza diaframu kwa sauti ndogo ya mtu mwenye dhamiri chafu na tumbo lililojaa. Okoth alikwenda kuketi kando ya Keziah akiwa bado na vibendera kifua kizima, hakuthubutu kuvitoa. Mkono wake ulibaki tumboni. Baada ya kitambo akamwinamia.

"Mathe, sasa imefika wapi?"

"Haijaenda mahali," Keziah alijibu, wala hakujisumbua kunong'ona. "Keti wima uipe nafasi. Na usiku unywe maji, usiniletee shida."

Brayo akanyamaza katikati ya pumzi. Madam Immaculate aliinua kichwa kutoka kwenye rejista, akamwomba Keziah apunguze kelele.