Siku Niliyomvua Mkuu Viatu kwa Ajili ya Denaro

Hadi leo nikikutana na mkuu wetu wa idara pale chuoni Kyambogo naangalia viatu vyake kwanza, uso baadaye, na aibu inanipanda upya, lakini acheni niwasimulie, mcheke mmalize.

Nilikuwa nafundisha kozi ya historia ya pesa, wakubwa wa chuo wakataka kuifuta, mkuu akasema atakuja kukaa darasani ndipo aamue. Picha ukutani zingetosha (alinishauri mwenyewe, maskini), lakini mimi na ukaidi wangu wa Machakos nikasema hapana, watu wataona kwa macho yao denaro ikigongwa, ile sarafu ndogo kabisa ya Genova ya zamani, ya kununulia mkate, nyembamba kama ukucha. Fundi wa vyuma wa mtaa wa Katwe akanichongea mihuri miwili ya chuma: wa chini, wenye msalaba, nikaukita kwenye gogo, wa juu unaushika mkononi, kipande cha bati katikati, unapiga nyundo.

Nikapiga. Nikainua mkono. Sarafu hakuna!

"Imeruka," nikatangaza, nikafunga mlango, nikawapigisha magoti wanafunzi wote chini ya madawati, mifuko nje, mabegi nje, na bado sikutosheka, nikamgeukia mkuu.

"Nyabo," akaniambia, yaani bibi kwa Kiganda, "mimi nimekuja kusikia somo, hapana kukaguliwa."

"Samahani ssebo," nami nikamwita bwana kwa Kiganda hichohicho, "vua tu, pengine imeingia kwa kiatu."

Akavua. Soksi ilikuwa na tundu, kidole gumba kikachungulia, darasa zima likaangua kicheko, nami nikatamani ardhi inimeze.

Sikukubali kushindwa. Nikaweka bati jingine, nikapiga kwa nguvu zote. Hii ikatoka, ila ya ajabu: upande mmoja msalaba umeinuka, upande wa pili msalaba uleule umedidimia. Nikaugeuza muhuri wa juu niliokuwa nimeushikilia muda wote huo, na denaro ya kwanza ilikuwa imeng'ang'ania hapo chini yake, msalaba wake ndio uliojibonyeza kwenye ya pili.

Ningeweza kunyamaza. "Nilikuwa nayo mimi," nikasema.

Mkuu akaichukua ile mbovu, kiatu bado mkononi. "Na wale wa zamani walikuwa wanakosea hivi?"

"Sana, ssebo. Wakiwa na haraka."

"Basi leo nimesoma kitu. Kozi ibaki."

Imebaki, na kila muhula nagonga denaro, siachi ng'o. Ila nimeapa: kitu kikipotea mbele yangu, simsumbui mtu kabla sijafungua mikono yangu yote miwili.