Kamati ya Kumpeleka Bibi Hekaluni

Mkutano wa kwanza ulifanyika mwezi wa nne, katika sebule ya chini ya nyumba ya mwenyekiti wetu, na ajenda ilikuwa moja: kumpeleka Bibi hekaluni. Mkutano wa tano ulifanyika mwezi wa tisa, sebule ileile, na ajenda zilikuwa saba. Bibi alikuwa bado hajapelekwa popote. Nayasema haya kwa uhakika kwa sababu katibu nilikuwa mimi, na mihtasari yote mitano niliiandika kwa mkono wangu.

Bibi ni Mhindi wa Tanga. Alizaliwa kule, akauza vitambaa kule pamoja na mumewe, akafiwa kule. Mwanawe wa pekee nilisoma naye sekondari. Yeye alitangulia kuja Minnesota kusomea uhandisi, mimi nikafuata kusomea takwimu, na sote tukabaki. Alipomleta mama yake kuishi naye katika kitongoji cha Woodbury, Watanzania wa Minneapolis na Saint Paul tulifurahi kana kwamba tumeletewa bibi yetu sote. Ukimfumba mtu macho akamsikia Bibi anavyosalimia, anavyouliza hali ya kila mtoto mmoja mmoja, atadhani yuko Ngamiani, katikati ya Tanga.

Majira ya baridi ya mwaka ule Bibi alipasuliwa macho yote mawili kwa ajili ya mtoto wa jicho. Akapona vizuri. Mwezi wa pili akamwambia mwanawe kwamba anataka kwenda kwenye hekalu fulani nje kidogo ya Chicago, kwa barabara, akawashe taa ya samli kwa mkono wake. Siku moja ya kwenda, siku moja ya kurudi. Hakuomba kingine.

Mwanawe, badala ya kujaza gari mafuta, akalitaja jambo hilo kwenye ubatizo wa mtoto wa rafiki yetu. Mwenyekiti akasimama papo hapo, sahani mkononi.

“Bibi yetu haendi kinyonge! Tutamsindikiza. Tuunde kamati.”

Watu wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga. Sisi hatuwezi kumfikisha mtu stendi bila mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na huwa tunauita huo upendo. Mara nyingi ni upendo kweli. Lakini nimeisoma upya ile mihtasari na nataka niseme kilichomo.

Mkutano wa pili uliamua kwamba watu kumi na tano wasingetosha kwenye magari, hivyo likodiwe basi dogo. Wa tatu uliahirisha safari hadi shule zifungwe, kisha, kwa hoja ya mtu ambaye hata hakupanga kwenda, hadi wikendi ya Labor Day, sikukuu ya wafanyakazi ya huku, mwanzoni mwa mwezi wa tisa. Katika mkutano huohuo, mjumbe mmoja alipendekeza tupitie kwenye mabwawa ya kuogelea kule Wisconsin ili watoto wasichoke. Wa nne ulijadili fulana. Fulana! Rangi ya kijani au ya bluu, maandishi mbele au mgongoni. Nusu saa nzima, na niliandika kila hoja. Labor Day ikaja ikapita, kwa sababu basi halikupatikana. Wa tano ukaanza kupanga upya, sasa kwa mwezi wa kumi.

Katika mikutano yote hiyo Bibi alikaa kwenye kiti cha pembeni na sari yake nyeupe, koti la baridi mabegani hata kiangazi. Hakuna aliyemuuliza neno, isipokuwa mara moja, mtu aliposema, “Lakini Bibi, si kuna hekalu hapahapa Maple Grove?”

“Lipo, baba. Nakwenda kila Jumapili,” alijibu. “Sasa niweke nadhiri ya kwenda ninakokwenda kila Jumapili?”

Watu wakacheka, na ajenda ikaendelea.

Halafu kulikuwa na suala la wali. Mke wa mwenyekiti ni mpishi hodari, na kila mkutano alipika wali wa nazi kando, sufuria safi, bila nyama wala supu ya nyama, kwa ajili ya Bibi. Kila mkutano Bibi alishukuru, akaweka mkono kifuani, akala chapati na maharage. Wali hakuugusa. Mara ya tatu nilimsikia mke wa mwenyekiti jikoni akiwaambia wenzake: “Hawa hata ukae nao miaka mia, chakula chako hawali. Mama yangu aliniambia, nikabisha.” Na nikiri kwamba nusu yangu ilimwamini, maana hata mimi nilikuwa nimeuona ule wali ukirudi jikoni mzima.

Nilitumwa Woodbury Jumamosi moja mchana kuchukua saizi ya fulana ya Bibi. Nilimkuta peke yake mezani anakula mkate wa mtama na mtindi. Nikauliza kwa utani, nikiwa nimejificha nyuma ya utani ule, “Bibi, wali umekukosea nini?”

Akanitazama kwa yale macho mapya.

“Wali naupenda kuliko unavyoupenda wewe. Nimeuacha, mwanangu. Siku walipoyafunga macho yangu bandeji nilimwambia Mama wa ukoo wetu, mungu wetu wa kike, nikiona tena nitakuja kwako kwa barabara niwashe taa. Na mpaka nifike, wali hauingii kinywani. Ndivyo tunavyoweka nadhiri sisi. Unaacha unachokipenda, ili usisahau.”

Nikahesabu miezi kwa vidole chini ya meza. Saba.

“Mwanao anajua?”

“Hajui.”

“Kwa nini usimwambie? Angekupeleka kesho!”

“Angenipeleka kwa kunihurumia. Mimi nataka anipeleke kwa sababu nimemwomba.” Akamega mkate. “Na wewe usimwambie mtu. Haya, hiyo fulana yenu ni ya nini?”

Nilirudi nyumbani bila saizi. Barabarani nilikuwa na hasira ambayo hadi leo naona haya kuikumbuka, kwa sababu sehemu kubwa ilinistahili mimi. Miezi yote ile nilijiona mtu makini, mwenye faili na tarehe. Niliandika kila kitu isipokuwa swali moja ambalo mtoto mdogo angeliuliza.

Kwenye mkutano wa tano nilinyoosha mkono kabla ajenda haijasomwa.

“Napendekeza tuache basi, fulana na mabwawa. Mtu mmoja ampeleke Bibi wiki hii.”

“Dada katibu,” mwenyekiti akasema kwa upole wa kuudhi, “tuna utaratibu.”

“Utaratibu huu una miezi mitano.”

“Mbona una haraka kuliko mwenye safari?” akadakia mkewe. “Bibi mwenyewe hajalalamika. Na pengine hata kufuatana na sisi hataki. Kama wali wetu tu unamshinda…”

Mwanawe Bibi akainamia simu yake. Nilimwangalia Bibi, nikitaka aseme, nikitaka aniruhusu kusema. Akatikisa kichwa, kidogo tu. Kisha akamgeukia mke wa mwenyekiti.

“Mpishi mzuri wewe, mama. Harufu ya wali huo peke yake ni adhabu.”

Yule mama hakuelewa. Mimi nilifunga daftari nikaliweka mbele ya mwenyekiti, nikamwambia atafute katibu mwingine.

“Umekasirikia nini sasa?”

“Fulana,” nikasema.

Jumatatu nilifanya jambo ambalo kamati nzima haikuwahi kulifanya: nilipiga simu hekaluni. Sauti ya mzee ikanieleza kwamba siku za kazi wanafunga milango saa sita mchana na kufungua saa kumi. Ratiba yetu, iliyopitishwa kwa kauli moja, ilikuwa inafikisha watu kumi na tano pale Ijumaa saa nane, wote na fulana zao, mbele ya mlango uliofungwa.

Nikaomba likizo ya siku mbili, nikamwarifu Bibi. Jumanne saa mbili na nusu asubuhi nilimkuta Bibi amekaa ngazini, kikapu cha nazi na maua mapajani. Mwanawe alikuwa ameshakwenda kazini. Bibi alimwachia barua kwenye mlango wa jokofu, kwa Kigujarati. Tukavuka mto kwa gari langu pale mji wa Hudson, mpakani, tukaipasua Wisconsin yenye majani yanayoanza kuwa mekundu, na alilala njia nyingi.

Tulifika saa tisa na nusu, tukasubiri mlango ufunguliwe. Kuhani alimpa kibiriti. Njiti ya kwanza ilizimika, ya pili pia, na mimi nikanyoosha mkono kumsaidia. Akanipiga kofi vidoleni. Ya tatu ikashika.

Chini ya hekalu kuna ukumbi wa kulia. Tulipokea wali uliochanganywa na mtindi na mbegu za haradali, kwenye sahani za karatasi. Ndipo simu yangu ilipoita. Mwanawe alikuwa amefika nyumbani mapema akaiona barua. Nikampa Bibi simu, na kwa kuwa yule bwana alikuwa anapaza sauti, nilisikia yote.

“Ba,” alimwita mama yake kwa Kigujarati, “mbona hukunisubiri? Mwezi ujao tungekwenda wote! Kwa nini hukusema kwamba ni muhimu hivyo?”

“Nilikwambia mwezi wa pili,” Bibi akasema. “Nikakwambia kwa Kigujarati, nikakwambia na kwa Kiswahili.”

Sauti ya mwanawe ikarudi, ndogo zaidi, ikiuliza kama amekula.

“Ndio nakula sasa. Ukitaka kuja, njoo. Barabara unaijua. Kamati usije nayo.”

Akanirudishia simu bila kuikata, akaivuta sahani karibu.